Bwana Mdogo na Baraza la Jikoni

Nyumba yetu ya Tabata ina wapishi wanne na mlaji mmoja mwenye msimamo. Wapishi ni mama mkwe wangu, mzaliwa wa Tanga, ambaye sote humwita Bibi; wifi yangu, anayeshuka kila Jumamosi na simu iliyojaa makala za afya; Dada, anayetusaidia kazi; na mimi. Mlaji ni kitinda mimba wangu, mwenye miaka minne, aliyepachikwa na Bibi jina la Bwana Mdogo kwa vile hukataa chakula bila kutoa sababu. Baba yake hapiki. Yeye huja jikoni kufunua sufuria na kutoa maoni.

Bwana Mdogo ana usonji. Maneno yake yanahesabika, na mengi ni ya mezani: maji, mkate, hapana. Kisa hiki kinaanza akiwa anakula vitu vitano tu, vyote vyeupe au vinavyokaribia weupe: mkate wa slesi uliokatwa kingo, chapati isiyo na doa la moto, wali mkavu, biskuti za maziwa za aina moja ile ile, na maziwa, ambayo angeyanywa mpaka ng'ombe aombe likizo. Biskuti ikimeguka, si biskuti tena. Tone la mchuzi likigusa wali, sahani nzima inakwenda sakafuni.

Majirani waliita hilo deko. Si deko. Leo Kanner, daktari wa Baltimore aliyeandika mwaka 1943 habari za watoto 11 wa namna hii, aliona tangu wakati ule kwamba kadhaa miongoni mwao walisumbua kula toka uchanga. Tafiti zilizojumlishwa pamoja miaka ya karibuni zinaonyesha matatizo ya kula yanawapata watoto wenye usonji takriban mara tano zaidi ya wenzao. Harufu, rangi, ulaini na hata mlio wa chakula mdomoni huwafikia kwa nguvu ambayo wengine hatuijui. Bibi alisikiliza maelezo hayo hadi mwisho, akatikisa kichwa: "Basi kamfuata babu yake. Marehemu aliishi miaka themanini hajagusa bamia."

Kilicholeta kesi mbele ya baraza la jikoni si uchaguzi wa chakula, bali tumbo. Kila siku tulikuta uchafu wa majimaji kwenye nguo zake za ndani, mara hata tatu au nne. Baada ya kula angeweza kupiga ukelele ghafla, akakimbia sebule nzima, kisha akalala kifudifudi juu ya mkono wa kochi, tumbo limekandamizwa, anajiuma kifundo cha mkono. Usiku aliamka akilia, na hakuna aliyejua analilia nini.

Kila mjumbe alikuwa na hukumu yake. Bibi alisema ni mchango, na mchango una dawa zake. Dada alisema ni jicho la watu, maana mtoto ni mzuri mno. Baba Watoto alisema ni usonji tu, utapungua akikua. Wifi aliweka simu mezani akasema, "Wifi, ni ngano na maziwa. Mnamlisha sumu asubuhi na jioni."

Nadharia yake ina umri mkubwa kuliko yeye. Mwaka 1979 mtafiti wa ubongo aliyeitwa Jaak Panksepp alipendekeza kwamba huenda usonji unahusiana na wingi wa kemikali za ubongo zinazofanana na kasumba. Baadaye daktari wa Norwei, Kalle Reichelt, akaunganisha fikra hiyo na chakula. Protini ya ngano iitwayo gluteni na ile ya maziwa iitwayo kasini, alidai, zikimeng'enywa nusunusu huacha vipande vinavyopenya kwenye utumbo dhaifu, vikaingia katika damu na kufika ubongoni vikifanya kazi ya kasumba. Ondoa ngano, ondoa maziwa, mtoto atazinduka.

Bibi alivua miwani. "Yaani chapati zangu ni kasumba?"

"Si chapati zako, Mama. Chapati zote."

Marufuku ikaanza Jumatatu. Kati ya vyakula vitano vya Bwana Mdogo, vinne vilifutwa. Ukabaki wali.

Wifi alinunua unga maalumu usio na gluteni katika duka kubwa, pakiti moja kwa bei ambayo Bibi aliisoma mara mbili, akidhani ni namba ya simu. Bibi akakanda. Unga haukukubali kuvutika. Aliongeza maji, ukawa uji; aliongeza unga, ukawa mchanga. Alipofaulu kusukuma duara moja, lilipasuka likielekea kikaangoni. Hakuna ufundi uliopungua hapo. Gluteni ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike na kushikana, na mpishi wa chapati akinyang'anywa gluteni amenyang'anywa kazi. Bibi aliifunga ile pakiti kwa raba akairudisha kwa mwenyewe: "Mwanangu, huu rudisha dukani. Waambie umekufa."

Usiku ule, hata hivyo, Bibi hakulala. Alfajiri tulimkuta jikoni na mchele uliolowekwa, nazi iliyokwisha kukunwa na chuma cha vitumbua kikiwa motoni. Alikuwa amefanya hesabu ambayo simu ya Wifi haikuifanya: nusu ya vyakula vya pwani havina ngano wala maziwa ya ng'ombe. Vitumbua ni mchele na tui. Mkate wa kumimina ni mchele na tui. Wali wa nazi, muhogo wa kuchemsha, bada la unga wa muhogo, ugali wa mtama, uji wa ulezi, vyote havimo katika marufuku. Bwana Mdogo alikizungusha kitumbua cha kwanza, akakinusa, akakwangua ganda la kahawia kwa kucha mpaka kikabaki cheupe, akala. Akanyoosha mkono kutaka cha pili. Bibi alikaa juu ya kigoda chake cha mbuzi akitazama pande zote kuhakikisha kila mtu ameona.

Wiki zilizofuata zilikuwa za furaha. Wifi aliona mtoto anamtazama machoni zaidi. Mimi niliona anakaa mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi. Baba Watoto alisema amesikia neno jipya, ingawa hakukumbuka lilikuwa neno gani. Wifi alianza kuwashauri wazazi wengine.

Kisha mambo yakafichuka moja baada ya jingine, siku moja, kwa sababu ya kufagia. Dada aliinua godoro la Bwana Mdogo akakuta maganda ya biskuti za maziwa, ile aina ile ile. Binti yetu wa darasa la nne alihojiwa, naye akamtaja baba yake. Baba Watoto alijitetea kwamba kila jioni mtoto humshika mkono akamvuta mpaka dukani, na yeye ni mzazi, si askari. Dada naye, alipoona baba mwenye nyumba amekiri, akaona vyema aseme kuwa ule uji wa lishe wa saa nne asubuhi, ambao mtoto alikuwa ameanza kuukubali, umesagwa na ngano ndani yake, pamoja na ulezi, soya na karanga. Nikatoka nje kumuuliza mama wa kona, ambaye tulikuwa tukinunua kwake vitumbua siku Bibi anapokwenda kwenye shughuli. "Ngano? Kidogo tu, mama. Vishikane."

Kwa hiyo mtoto aliyebadilika kwa kuacha ngano hakuwa ameacha ngano hata siku moja.

Tulicheka mpaka tukakaa chini, lakini jambo lililotutokea kwa bahati, watafiti hulifanya kwa makusudi. Katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, watoto wenye usonji waliwekwa kwenye mlo usio na gluteni wala kasini chini ya uangalizi mkali. Kisha wakapewa vitafunwa ambavyo baadhi vilitiwa ngano, baadhi maziwa, baadhi vyote viwili, na baadhi havikutiwa kitu, bila mzazi wala mwalimu kujua kipi ni kipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: kwa watoto 14 waliokamilisha, vitafunwa hivyo havikuleta tofauti katika tabia, usingizi wala choo. Watoto ni wachache, na utafiti mmoja haufungi mjadala, lakini hakuna utafiti mkubwa na makini uliothibitisha kinyume chake.

Kabla ya hapo palikuwa na kisa cha sekretini, homoni ya utumbo inayotumika katika vipimo vya kongosho. Mwaka 1998 madaktari wa Maryland waliripoti watoto watatu walioonekana kuchangamka baada ya kudungwa homoni hiyo, na wazazi wa Marekani wakaitafuta kwa gharama yoyote. Mwaka 1999 watoto 60 waligawanywa: nusu wakapewa sekretini, nusu maji ya chumvi tu. Makundi yote mawili yalionekana kupata nafuu, sawa kwa sawa. Wazazi wengi, hata baada ya kuambiwa hivyo, bado waliitaka. Sisi wa Tabata tunawaelewa. Mtoto hukua kila wiki, na macho ya mzazi huona kile moyo wake umeagiza.

Wakati baraza likijadili ngano, tumbo liliendelea. Kwa kuwa sote tulikubaliana kuwa mtoto anaharisha, Bibi aliongoza operesheni ya kuzuia: ndizi mbichi za kuchemsha, uji mzito wa mchele, chai ya rangi kavu, na maji ya maganda ya komamanga, ambayo Bwana Mdogo aliyatema kwenye shati la baba yake. Kadiri tulivyozuia, ndivyo majimaji yalivyozidi na vilio vikawa virefu. Usiku mmoja alilia mpaka sauti ikakauka, tukaita bajaji tukaenda hospitali, watu watano kwenye bajaji moja, Bibi akiwa amebeba chupa ya komamanga kama kielelezo.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo. Alisikiliza habari ya ngano, ya maziwa, ya mchango na ya jicho, kisha akauliza swali ambalo katika wapishi wanne hakuna aliyewahi kuliuliza: "Mara ya mwisho kupata choo cha kawaida, kilichoshikana, ilikuwa lini?"

Tulitazamana. Akamlaza mtoto, akapitisha mkono upande wa kushoto, chini ya kitovu, kisha akanishika vidole akaviweka pale pale. Palikuwa na donge gumu.

"Haharishi," alisema. "Amefunga choo."

"Mjukuu wangu," Bibi alisema kwa upole wa mtu anayemhurumia msomi, "anachafua nguo sita kwa siku huyu."

Daktari akamwuliza kama mfereji wa mtaani kwetu ukiziba taka wakati wa masika, maji husimama. Bibi alikiri kwamba hayasimami, hupenya pembeni. Ndivyo na utumbo. Choo kikikaa muda mrefu hukauka na kuwa kigumu, utumbo hutanuka, na kile cha majimaji kinachotoka juu hupenya kandokando na kuvuja bila mtoto mwenyewe kujua. Ukimpa dawa ya kuzuia kuharisha, unaongeza taka mferejini.

Sababu zote zilikuwa mezani kwetu. Maziwa mengi, nyuzinyuzi hakuna, maji kidogo. Akapata choo kigumu mara moja, kikamuumiza, akaanza kukibana. Kadiri alivyobana, kikazidi kuwa kigumu. Na choo chenye mwangwi na harufu, kwa mtoto ambaye masikio na pua yake hupokea kila kitu kwa wingi, si mahali pa kukaa kwa hiari.

Kisha akatueleza habari ya kochi. Mtoto anayekandamiza tumbo, anayejiuma, anayeamka usiku, anayepiga kelele baada ya kula, anaweza kuwa anasema kwa lugha pekee aliyonayo kwamba anaumwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 unaonyesha maradhi ya tumbo, yaani kufunga choo, kuharisha na maumivu, huwapata watoto wenye usonji takriban mara nne zaidi ya watoto wengine. Na mwaka 2010 jopo la wataalamu wa Marekani liliandika katika jarida la Pediatrics kwamba watoto hawa wachunguzwe tumbo kwa ukamilifu ule ule wa mtoto yeyote, na kwamba mabadiliko ya ghafla ya tabia yasihesabiwe kuwa usonji kabla ya kutafuta maumivu. Jopo hilo hilo halikupata ushahidi wa kutosha wa kumwekea kila mtoto mwenye usonji mlo wa kukataza.

Tulirudi na chupa ya laktulosi, sukari ambayo mwili haiinyonyi; hubaki katika utumbo, ikavuta maji na kulainisha. Dozi aliipanga daktari, akasisitiza isikatizwe siku ya kwanza ya mafanikio, maana utumbo uliotanuka huchukua miezi kurudi katika hali yake. Aliagiza pia mtoto aketishwe chooni dakika chache baada ya kila mlo, wakati utumbo wenyewe huamka kufanya kazi, na miguu iegemezwe juu ya kitu ili magoti yapande.

Bibi akatoa mbuzi yake ya nazi. Ilibidi tumkumbushe kwamba ina meno. Hapo ndipo Baba Watoto alipotimiza wajibu wake wa kihistoria: alipiga misumari mbao nne, akapata kigoda kinachoyumba upande mmoja, na hadi leo humwonyesha kila mgeni.

Siku dawa ilipojibu ilikuwa Jumamosi. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika mtaa mzima. Wifi alikuwa amevaa dera jipya, tayari kwa harusi ya rafiki yake Sinza, na alimpakata mpwa wake dakika tano tu ili amsome usoni kama dawa za hospitali zimemdhuru. Kilichotokea hakielezeki mbele ya watu wanaokula. Ndoo mbili za akiba ziliisha kwa mtoto. Wifi alioga maji ya kunywa ya kununua. Harusini alikwenda na gauni langu, refu kuliko yeye, na siku ile hakusema neno lolote kuhusu gluteni. Bwana Mdogo alilala usiku kucha.

Usonji wake haukuondoka. Bado hupanga vifuniko vya chupa mstari mmoja, bado huziba masikio blenda ikiwaka. Lakini kochi lilipumzika, mkono ukapona alama za meno, na mtaalamu wa matamshi, ambaye kabla ya hapo alikuwa akipambana na mtoto anayegaagaa, akapata mwanafunzi. Alimtengenezea kadi za picha, moja ikiwa na tumbo. Sasa akiumwa huileta kadi kwa aliye karibu.

Maziwa yalirudi, vikombe viwili kwa siku, si jagi. Mshauri wa lishe alitueleza kuwa mtoto anayenyimwa maziwa bila mbadala hunyimwa pia chokaa ya mifupa; utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 ulikuta wavulana wenye usonji wana mifupa myembamba kuliko ilivyotarajiwa, na wale wasiotumia maziwa zaidi ya wenzao. Bibi alijaribu mbadala wa dagaa waliosagwa unga laini na kufichwa katika wali. Bwana Mdogo aliunusa akiwa barazani, akafunga mlango kutokea nje. Hatari kubwa zaidi, mshauri alisema, ni kuachiwa aishi kwa vyakula vile vitano; katika nchi tajiri, hospitali zimepokea watoto wenye usonji walioshindwa kutembea kwa kiseyeye, ugonjwa wa mabaharia wa zamani, kwa kukosa vitamini C tu.

Kwa hiyo tunapanua mlo polepole. Chakula kipya huwekwa kando ya sahani, siyo ndani, na hakuna anayesema kula. Ndizi mbivu ilipita kwa kuwa ni nyeupe ndani. Kiazi kitamu cheupe kilipita. Juisi ya ukwaju inapita siku moja moja, ikiwa katika kikombe cha kijani. Papai lilikataliwa kwa sababu ya rangi yake, na rufaa bado haijasikilizwa. Vitumbua vya Bibi vimebaki, kwa kuwa ni vitamu.

Mzazi mwenzangu, wapo watoto ambao kuacha ngano au maziwa ni tiba ya kweli: wenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo wao huharibiwa na gluteni, wenye mzio wa maziwa, na wale ambao sukari ya maziwa huwajaza gesi. Wanapatikana miongoni mwa wenye usonji na wasio nao, na hujulikana kwa kuchunguzwa. Kipimo cha damu cha siliaki hufanywa mtoto akiwa bado anakula ngano. Ukiiondoa kwanza, jibu linaweza kukudanganya. Anayekuuzia chupa ya kusafisha utumbo ili usonji utoke, mfungie mlango. Mojawapo ya dawa hizo, iliyoripotiwa mwaka 2019 kugawiwa hata vijijini Uganda kama tiba ya kila ugonjwa, ni kemikali ya jamii ya zile za kung'arishia nguo, na mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya mara kadhaa isinywewe.

Usonji hauna dawa jikoni, lakini kufunga choo kuna dawa, na haihitaji unga wa kuagiza. Mtoto wako asiyesema akianza kujiuma, kulalia tumbo au kulia usiku, mpeleke akaguswe tumbo, na kabla ya kufika uwe na jibu la swali la yule binti wa zamu: choo cha kawaida, mara ya mwisho lini?